Mwaka Nilipomtoa Lameck Benchi

Desemba iliyopita nilimwona Lameck kwenye uwanja wa shule moja Mwanza, amevaa glavu, anaokota mipira nyuma ya goli. Timu yake ilikuwa mazoezini. Kipa wa kwanza anapigiwa mashuti, anaruka huku na huku kama mtu aliyeingiwa na siafu, na Lameck, mrefu vilevile kama nguzo ya umeme, anaifuata mipira iliyopotea majanini na kuirudisha kwa mguu, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na hindi la kuchoma mkononi. Kwa kawaida nikimwona mtu wa zamani nampigia kelele mpaka anajuta kunifahamu. Shuleni kwetu nina rekodi ya kutolewa nje ya darasa mara tatu kwa siku moja, zote kwa kucheka. Lakini siku ile niliacha kutafuna, nikajibanza nyuma ya gari la maji. Kulikuwa na jambo juu ya maisha ya yule kaka ambalo mimi nalijua na yeye halijui, na nilikuwa nimelikalia kwa miaka mitatu.

Mwaka wenyewe ni ule wa Olimpiki ya Beijing. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, naishi Guangzhou na Mama mdogo Adventina. Nilifikaje kule ni habari ya watu wazima na haina hata kichekesho kimoja, kwa hiyo tuiache. Tulikaa ghorofa ya tisa, Xiaobei, kwenye jengo lililo nyuma ya mtaa wa Dengfeng, na sebule yetu mchana iligeuka mgahawa usio na kibao. Mama mdogo alipika ugali wa unga wa njano wa Kichina, ule mgumu unaokataa kuiva mpaka uutukane, samaki wa mto, na zile mboga zenye mashina matupu ndani kama mirija. Wateja walikuwa wafanyabiashara wa nyumbani na Wakenya, wanaokuja kufunga mizigo ya nguo kwenye soko la jumla la Zhanqian. Viti vilikuwa vinne tu. Wengine walikalia mabunda ya jinzi zao wenyewe, yaliyohifadhiwa kwetu kungoja kontena, na siku kontena likiondoka watu walikula wamesimama kama wako kwenye msiba wa haraka. Hewa ilinuka samaki, kitambaa kipya na jasho la Juni, na kiyoyozi cha jirani kilidondosha maji kwenye dirisha letu mchana kutwa, tone, tone, tone, mpaka unaanza kuyahesabu bila kutaka.

Hofu ilitufikia kabla ya michezo. Waliozoea kuongezewa visa ya miezi walipewa wiki mbili. Askari wakaanza kusimama kwenye daraja la waenda kwa miguu pale Huanshi, wawili, halafu wanne, halafu gari zima. Ungeshuka asubuhi ukute wauza simu wa Dengfeng wameshusha mageti yao nusu, redio zimezimwa, na mtaa mzima unaongea kwa sauti ya kanisani. Na kwetu pale sebuleni watu walianza kupungua. Bunda lilibaki, mkaliaji hayupo. Hakuna aliyeuliza. Mama mdogo alikuwa na kikombe cha kila mtu, ana alama zake anazozijua yeye, na alichofanya ni kutokitoa kabatini kikombe cha aliyeondoka. Mchana mmoja nilifungua kabati kutafuta sukari nikakuta vikombe tisa vimepangwa vikiangalia chini. Nilitaka kutania, nikaona hakuna pa kuanzia. Mimi, kama mtu pekee wa nyumba ile aliyesoma shule ya Kichina na kuongea kama mtoto wa pale, nilipewa amri moja, na Mama mdogo aliirudia kila asubuhi nikivaa begi: mtu akikuuliza kwa Kichina fulani yuko wapi, hujui. Akikubana, sema anaumwa.

Lameck hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja kule ng'ambo ya mto, mwaka wa pili, miaka ishirini, karatasi zake safi kuliko za mtu yeyote aliyewahi kukalia mabunda yale. Alikuja Jumapili baada ya ibada kula ugali, maana alisema wali wa chuoni unampitia tu kama basi lisilo na kituo. Alikuwa kipa namba mbili wa timu ya chuo. Ukiwa mshambuliaji namba mbili kuna siku utaingizwa, hata dakika kumi. Kipa namba mbili anangoja mwenzake aumie au azeeke. Kocha wao, Kocha Liang, alikuwa na sheria yake: kipa hakai golini mpaka atazame misimu miwili. Ajifunze kwa macho kwanza. Na Kocha Liang hakuwa anabahatisha, kwa sababu kipa aliyemtangulia huyo namba moja alikaa benchi miaka miwili kamili, akadaka msimu mmoja, na klabu ya kulipwa ikamchukua. Sheria ya pili ya kocha ilikuwa fupi zaidi: hakuna kucheza nje ya chuo.

Hayo yote yalijadiliwa kwetu kila Jumapili, midomo imejaa, kama vile serikali mbili zinapanga mpaka. Upande mmoja alikuwa Mzee Swai, mnunuzi wa jinzi kutoka Moshi na katibu wa timu ya Watanzania, mtu wa kufuta miwani kabla ya kila sentensi. Yeye alisema kipa anaiva kwa kukaa, kwamba wanaoanzishwa wakiwa wabichi wanafungwa magoli ya aibu na aibu hiyo haiwatoki tena mwilini; akawataja vijana wawili wa kwao waliopewa goli wakiwa na miaka kumi na saba, leo mmoja anauza vipuri na mwingine hataki kusikia neno mpira. Upande wa pili alikuwa Otieno wa Nairobi, aliyekuja kununua simu na kubaki. Otieno alimwambia, "Mzee, na heshima zako, keeper asiyecheza ni sanamu. Akifika huko pro na umri wa mtu na familia, watamuuliza umedaka mechi ngapi. Atasema nini, nimeona nyingi?" Watu wakacheka, na Mzee Swai akafuta miwani. Lameck alikuwa anachota mchuzi. Aliniambia baadaye kwamba swali la Otieno ndilo alilokuwa anajiuliza kila siku akipanda basi la timu.

Sasa mimi. Katika mjadala wa watu wazima mtoto hana nafasi, labda awe anachekesha, na mimi nafasi hiyo niliikalia kama kiti changu. Nilimwita Lameck Mheshimiwa Benchi. Jumapili moja nilisimama juu ya bunda, mwiko mkononi kama kipaza sauti, nikatangaza mechi ya chuo: na sasa Lameck anainuka, mashabiki wanashika vichwa, Lameck anakwenda, Lameck anakaribia, Lameck anachukua chupa ya maji, anampa mwenzake, anarudi, anakaa, na ni benchi safi kabisa. Sebule ilivunjika. Otieno alipaliwa. Hata Mama mdogo, ambaye huwa anacheka mara moja kwa robo ya mwaka, aligeukia ukutani mabega yakitikisika. Lameck naye alicheka, ila mimi ninayewaangalia watu wakicheka kama wengine wanavyoangalia hali ya hewa, niliona macho yake hayakushiriki. Alimaliza ugali, akanawa, akasimama mlangoni akamwambia Mzee Swai kwamba Jumapili ijayo atawadakia. Mzee Swai alimkumbusha sheria ya kocha wake. Lameck akajibu kwamba kocha wake hasali Xiaobei. Nikashangilia. Naandika hapa kwa mkono wangu kwamba nilishangilia.

Jumapili ijayo ilikuwa mashindano ya timu za Waafrika, kombe la mbuzi kama yale ya nyumbani, mshindi anakula zawadi siku hiyohiyo. Uwanja ulikodiwa nje ya katikati ya jiji, nyasi za bandia zenye chembe nyeusi za mpira zinazoingia kwenye viatu. Mashindano yale yalikuwa na utaratibu wake ambao tulijiletea wenyewe. Mwaka uliotangulia timu yetu ilimwazima Mkameruni mmoja hatari sana, ikamwita Hamisi, na Hamisi alipofunga la pili akashangilia kwa Kifaransa. Toka hapo kamati ikakata shauri: kuzuia mamluki, kila mchezaji akabidhi pasipoti kwa katibu wake kabla ya mechi, zihakikiwe mezani, zikae kwa katibu mpaka filimbi ya mwisho. Kwa hiyo Jumapili ile, saa tisa alasiri, kwenye mwaka ambao kutoka bila pasipoti hata kununua mkate lilikuwa kosa, vijana kumi na wanane wa Kitanzania waliingia uwanjani na kaptula tu, na pasipoti zao zote zilikuwa kwenye mkoba mmoja wa bluu mapajani mwa Mzee Swai. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa na hofu ya kudanganyana sisi kwa sisi kuliko hofu nyingine yoyote.

Lameck alidaka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nimejaribu kuwaeleza wenzangu bwenini nikashindwa, maana nikieleza wanasubiri kichekesho na hakipo. Kipindi cha kwanza aliokoa ana kwa ana, mara mbili, na ya pili alibaki na mpira kifuani amelala, hainuki, nikadhani ameumia. Alikuwa anacheka. Otieno, ambaye si Mtanzania na hakuwa na pa kukaa, alikaa upande wetu akawa anarudia kwa sauti ndogo, si nilisema, si nilisema. Kipindi cha pili kilikuwa na dakika kama sita hivi wauza maji kule getini walipoanza kufunga masanduku yao. Hawakukimbia. Walifunga tu, wote pamoja, wakaondoka, na mashabiki wa upande ule wakaanza kupungua kama maji kwenye beseni lililotoboka. Halafu nikaona shati la bluu la askari, na lingine, wanakuja kwa kutembea, wamejipanga upana wa uwanja.

Mzee Swai alifanya alichoona ni sahihi, na mpaka leo simlaumu bila kujilaumu kwanza. Aliona askari, aliona mkoba, akaona kwamba kitu cha thamani kuliko vyote pale ni zile pasipoti. Visa yake mwenyewe ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma. Akaupachika mkoba kwapani, akapita kwenye uwazi wa uzio nyuma ya vyoo, akaenda nao. Aliziokoa zote. Vijana wakaambiwa watoe hati, wakaonyesha meza, na mezani palikuwa na filimbi na karatasi ya majina. Wengine walitimua mbio. Lameck hakukimbia, kwa nini akimbie, yeye ni mwanafunzi halali. Nilimwona amesimama kwenye mstari wa goli, mikono juu, glavu bado amevaa, anamweleza askari kwa Kichina chake cha uwanjani kwamba yeye ni wa chuo fulani. Mama mdogo alinishika shingo ya fulana akanivuta nikiwa bado natazama nyuma. Sisi wawili tulikuwa na hati zetu mfukoni. Walizikagua, wakaturuhusu.

Simu ya Lameck ilikuwa kwetu. Alibadilishia nguo pale, akaiacha kwenye chaji juu ya friji. Jumatatu nilirudi mchana kula, kama shule za kule zinavyoruhusu, nikamkuta Mama mdogo ametoka kwenda kwa watu wa kanisa kuulizia vijana wamepelekwa kituo gani. Nyumba tupu, masufuria baridi, siku ya kwanza nisiyoona moto kwenye jiko lile. Simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina la Kocha Liang. Iliita, ikakata, ikaita tena, na mara ya tatu nikapokea.

Aliongea haraka, kwa furaha, akidhani ni Lameck. Namba moja amevunjika kidole mazoezini. Jumatano ni mechi ya mwisho ya msimu na watu wa klabu watakuwepo. Lameck anaanza. Nilipojibu kwa sauti ya msichana akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni ndugu. Akauliza yeye yuko wapi, mbona hakulala bwenini. Kisha akasema polepole, na maneno haya nayaweza kuyarudia kwa Kichina nikiamshwa usingizini: "Kama kuna tatizo, niambie. Nitakuja mwenyewe."

Ningeweza kumwambia. Lakini nilifikiri sheria yake ya kutocheza nje, nikafikiri Jumatano, nikafikiri kwamba kesho au keshokutwa askari watagundua ni mwanafunzi watamwachia, na itakuwa kama haikutokea. Na chini ya hayo yote ilikuwepo amri ya kila asubuhi, ambayo ilishatoka mdomoni kabla sijaamua. Nikasema anaumwa. Na kwa kuwa mimi siwezi kusema kitu bila kukipamba, nikasema amekula chaza wabovu, yuko hapa kwa shangazi yake, anatapika toka jana, sasa hivi amelala, ila Jumatano atakuwa mzima kabisa. Nikaigiza hata kugeuka na kumuuliza mgonjwa kitu. Nilipokata simu nilijisikia nimecheza vizuri. Nilijisikia, Mungu anisamehe, msanii.

Yaliyofuata niliyasikia wiki tatu baadaye, kwa kinywa cha Kocha Liang mwenyewe. Alipanda ghorofa tisa kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, mwanaume mfupi mwenye mvi, akaketi juu ya bunda la Mzee Swai bila kujua ni la nani. Jumanne polisi walipiga simu chuoni: tuna Mwafrika hapa hana hati, anasema ni mwanafunzi wenu Lameck. Ofisi ikamuuliza kocha. Kocha akajibu kwa moyo safi kwamba Lameck yupo kwa shangazi yake, anaumwa, ameongea na ndugu zake jana tu. Basi polisi wakarudi kwa Lameck wakamwambia kwamba Lameck yuko nyumbani anaumwa, sasa wewe ni nani. Kuanzia hapo kila alichosema kilikuwa uongo wa mtu anayetumia jina la mwingine. Otieno alimpata Mzee Swai na mkoba siku ya tisa, kwenye ghala la mizigo, simu amezima, pasipoti kumi na nane amezifunga kwa mpira. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshamfuta: amekosa masomo, amecheza nje, ametoa taarifa ya uongo ya ugonjwa. Ukifutwa chuo, kibali kinakufa. Siku ya kumi na tisa walimpandisha ndege.

Mama mdogo hajui Kichina zaidi ya kukataa bei, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Kocha alimaliza, akauliza ni nani aliyepokea simu ile. Mama mdogo akaniuliza anasemaje. Nikamwambia anasema pole. Kocha akanitazama mimi badala yake, akasema sauti yangu haimtoki. Nikamjibu kwa neno lile nililofundishwa: sijui. Maji ya kiyoyozi yakawa yanadondoka dirishani. Kocha akainuka, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

Kule Mwanza Lameck aliniona. Mimi ni mrefu sasa, gari la maji halinitoshi. Alikuja akicheka, akaninunulia soda, tukakaa kwenye tofali. Ana miaka ishirini na tatu, ni kipa namba mbili wa timu ya daraja la kwanza, na anasema jambo hilo mwenyewe kabla hujamtania. Aliniambia habari za kule. Kijana aliyekuwa namba tatu, nyuma yake, ndiye aliyeanza ile Jumatano, mechi yake ya kwanza kabisa ya chuo, na sasa analipwa kudaka. Kocha Liang naye amehamia kwenye klabu hiyohiyo, anafundisha makipa. Amemwandikia Lameck barua pepe tatu. Ya mwisho alisema aje ajaribiwe, atamwandikia barua ya visa. Nikamuuliza amejibu nini. Akasema hajajibu hata moja, na hatajibu, kwa sababu yule mzee alimkana kwa polisi wakati yeye yuko hai mbele yao. "Nilivunja sheria yake, sawa. Angenipiga, angenifukuza. Lakini kusema mimi ni mtu mwingine, Koku? Nani anafanya hivyo?"

Nilimwambia. Sikupamba. Nilisema simu ilikuwa juu ya friji, nilisema niliipokea mimi, nilisema kocha aliahidi kuja mwenyewe na mimi nikamzuia kwa kudai anaumwa, amekula kitu kibovu. Sikumtazama usoni, nilitazama glavu zake alizoziweka katikati yetu. Timu ikaanza kukusanya koni.

"Ulisema nimekula nini?"

"Chaza."

"Mimi sili chaza," alisema, na hakuwa anatania. Alisema kama mtu anayemjibu askari, amechelewa miaka mitatu. Kisha akauliza kama bado naweza kuandika Kichina vizuri.

Tulikwenda kwenye duka la intaneti karibu na stendi, kompyuta ya pembeni, vitufe vimefutika herufi. Barua ya mwisho ya kocha ilikuwa ya mwezi wa tatu. Niliandika mimi, kwa jina langu kamili, nikaanza na kwamba Jumatatu ile Lameck hakuwa mgonjwa. Ilichukua karibu saa nzima kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilitaka kuchekesha na ilinibidi niifute. Lameck alisimama nyuma ya kiti, anasoma anachoweza. Nilipofika mwisho aliniambia niongeze mstari: nimwambie kocha kwamba Lameck ana miaka ishirini na tatu, ametazama misimu mitano sasa, na bado hajaanza.

Nikauongeza. Akainama yeye mwenyewe, akabonyeza kutuma, akavuta kiti cha jirani akakaa mbele ya kioo. Mwenye duka alikuja kutuambia muda wetu umekwisha. Lameck akamwomba nusu saa nyingine.